Sauti ya Papa Isaïe Katika Sikio la Kulia

Papa yangu, Isaïe Paluku, aliuza vipuri vya baiskeli katika soko la Mangobo tangu kabla sijaanza shule. Wenye toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli hapa Kisangani, walimjua kama mtu asiyeharakisha. Ukimletea mnyororo uliokatika, aliutazama kwanza, akaugeuza mkononi, kisha akakupa unaofaa, hata kama ulikuwa umeomba mwingine. Alizaliwa Butembo, mtoto wa kwanza wa mama yake. Akaja huku angali kijana, akifuata biashara kama wengi wa kwetu. Alikusudia kurudi. Akamwoa mama, Sophie, tukazaliwa mimi na mdogo wangu Plamedie, akazoea joto na lituma, zile ndizi zetu za kutwanga, na safari ya kurudi ikawa maneno tu ya kusema wakati wa Krismasi.

Jioni na Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia yetu. Noti alifundishwa utotoni na padri mmoja mzee, alipokuwa mtumishi wa misa. Kwa kuwa waimbaji wengi tuna kazi na hatuwezi kufika kila zoezi, alinunua kinasa sauti kidogo chenye waya mbili za mikrofoni. Moja aliibana kwenye kola ya shati lake. Nyingine aliiweka mezani ikielekea kwa waimbaji. Baadaye, ukivaa vile vya masikioni, sauti ya papa ilikuja sikio la kushoto na majibu ya kwaya sikio la kulia. Aliyetaka kujifunza alivaa cha kushoto tu, akaacha cha kulia kining'inie, ili amsikie pia mtu anayemwita nyumbani. Mimi naimba alto, na nusu ya nyimbo ninazozijua nilizipata hivyo, nikitwanga ndizi.

Figo zilimshinda mwaka jana, mvua zilipoanza. Katika siku zake za mwisho alimwomba mama kinasa sauti. Alitaka kusema neno juu ya Plamedie. Tonton Augustin, mdogo wake papa, alikuwa ameomba zaidi ya mara moja kwamba Plamedie aende kukaa kwake Butembo. Papa hakukubali wala hakukataa. Mimi nilikataa moyoni tangu mwanzo. Tonton ana duka kubwa kule, ana wageni wengi, na Plamedie ni msichana anayekua vizuri. Nilijua mabinti waliochukuliwa hivyo, kwa maneno ya shule, wakaishia nyuma ya meza ya duka, kisha wakaolewa na rafiki wa mwenye duka. Sikumwambia mtu. Nilianza tu kumwangalia tonton kila alipomwangalia Plamedie.

Siku papa aliponasa neno lake, mimi nilikuwa sokoni kwenye meza yake. Mama alikuwa naye chumbani. Betri zilikwisha kabla hajazima, na papa hakupata nguvu ya kurudia. Alipofariki nilikuta faili lipo ndani ya kadi, zito, lakini halifunguki katika simu yoyote.

Katika familia yetu, neno la mwisho la marehemu halisimuliwi na mtu mmoja. Husikilizwa na wote wakiwa wameketi, kabla ya matanga kufungwa. Kwa hiyo nililipeleka faili kwa Sefu.

Sefu ana kibanda karibu na soko kuu. Ni wa zile koo za Waislamu wa zamani, waliofika huku na misafara ya biashara enzi za babu wa babu zao, na hasahau kukukumbusha. Kazi yake ni kugeuza sauti. Ukimletea wimbo mkubwa usioingia kwenye simu yako, anakurudishia mdogo. Ukimletea mahubiri yaliyonaswa kwa mashine ya kigeni, anayageuza yachezwe katika zile spika ndogo za kadi ambazo kila nyumba inazo. Ni mtu wa maneno mengi. Aliniambia yeye ni daktari wa sauti asiyechoma sindano. Kesho yake alinipa kadi, akasema mgonjwa amepona.

Tuliketi sebuleni baada ya misa. Tonton Augustin alikuwa amefika kutoka Butembo. Upande wa mama alikuwepo kaka yake, tonton Katembo, mtu mnene mwenye sauti inayotoka tumboni. Plamedie alikaa chini karibu na miguu ya mama. Nikaiweka spika mezani, nikabonyeza.

Kwanza ulisikika mlio mrefu wa chuma. Ile ilikuwa diapazoni, chuma kidogo chenye meno mawili ambacho papa alikigonga ili kutoa la, noti ya kuanzia. Hakuweza kunasa kitu bila kukigonga, hata akiwa kitandani. Kisha mtu akaanza kusema kwamba yeye, Isaïe, anataka Plamedie abaki Kisangani na mama yake, amalize masomo. Baada ya hapo kulikuwa na mkwaruzo kama wa nguo, halafu mnong'ono usioeleweka, halafu kimya.

Maneno yalikuwa yale niliyoyaombea. Lakini sauti ilikuwa nzito na ya polepole, kama ya mtu aliyelewa. Niliwatazama watu. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Tonton Augustin alikuwa amesimama.

"Hii haiko sauti ya yaya, mukubwa wangu," alisema. "Mimi nililala na ye kitanda kimoja mupaka nikakuwa mukubwa. Hii ni mutu mwingine."

"Bon," alijibu tonton Katembo. "Sema basi ni nani."

"Wewe ndiye uko na sauti kama ngoma, shemeki. Watu wote hapa wanajua."

"Alors mimi ndiye marehemu. Munizike, lakini munipe kwanza chakula."

Wengine walicheka, wakanyamaza walipoona tonton Augustin hacheki. Alisema hafungi matanga juu ya uongo, na kwamba Plamedie ataondoka naye wiki hiyo hiyo. Kikao kikavunjika bila sala ya mwisho.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa kama nyumba iliyoingiliwa na mwizi. Upande wa papa ulisema upande wa mama umemsomesha Katembo maneno. Upande wa mama ulisema Augustin anamjua vizuri ndugu yake na anajifanya kiziwi. Mimi nilikuwa na shaka langu peke yangu, kwa sababu siku moja kabla ya kikao nilikuwa nimemwona tonton Augustin akitoka katika kibanda cha Sefu. Hakuniona. Alikuwa akiweka simu mfukoni, akifuta uso. Sasa nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Alikuwa amemtuma Sefu aiharibu sauti ya papa, ili isikubalike. Nilisali rozari nikaomba moyo mweupe, lakini katika kila fumbo nilimwona Sefu na tonton wakipeana mkono.

Kulikuwa na shaka jingine baya zaidi, ambalo sikulitaja hata kwa Mungu. Mimi pia, nilipoisikia sauti ile, sikumtambua papa. Nilijiambia ni ugonjwa. Mgonjwa hubadilika sauti.

Kisha kwaya ikakutana kuandaa misa ya papa. Diapazoni ilikuwa imebaki kwetu, kwa hiyo niliipeleka, na waliponiomba niwape la, niliigonga kwenye kiti nikaileta sikioni. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau njia. Mlio ule ulikuwa juu kuliko ule wa spika. Ule wa spika ulikuwa umeshuka chini ya la, karibu kufika sol. Chuma kilikuwa kile kile, mali ya mtu yule yule. Papa aliugua, lakini chuma hakiugui. Hakuna mtu anayemsomesha Katembo maneno ambaye angekumbuka kushusha diapazoni pia. Basi aliyebadilisha alikuwa amebadilisha kila kitu kwa pamoja, na hiyo ilikuwa kazi ya mashine. Niliwaachia wenzangu zoezi, nikaenda moja kwa moja kwa Sefu.

Nilimkuta akila. Nilimuuliza ni nani aliyemtuma aiharibu sauti ya papa yangu, tonton Augustin au mwingine. Alinawa mikono taratibu kwanza.

"Dada Olga, baba yako alinifungia breki za baiskeli nikiwa na meno ya kitoto. Nani atanituma?"

Nikamwambia nilimwona tonton akitoka pale. Sefu hakukataa. Alisema tonton alikuja kuomba nakala, ili amtumie mama yake kule Butembo asikie mwanaye. Aliisikiliza hapo hapo, akaondoka bila kuaga. Mimi nikamwambia hiyo ni hadithi nzuri, na nikaweka diapazoni juu ya meza yake. Nikamwambia acheze mwanzo wa faili, kisha nikaigonga. Milio miwili ilisikika pamoja, ikigombana waziwazi. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Alinieleza, na nilimfanya arudie, kwa sababu sikuwa nimemwamini bado. Mashine haihifadhi sauti nzima. Huikata vipande vidogo sana, maelfu kwa kila sekunde, na mwanzoni mwa faili huandika ilikata vingapi, na kwa njia ngapi, moja au mbili, kila mikrofoni na njia yake. Betri za papa zilikwisha kabla kinasa sauti hakijaandika. Kwa hiyo faili lilifika kwa Sefu bila kichwa, vipande vitupu. Ilimbidi aiambie kompyuta mwenyewe idadi ya vipande. Akaiambia ile anayoiambia kila siku kwa nyimbo za sokoni, elfu arobaini na nne na mia moja. Kama papa alikata vingi kuliko hivyo, kompyuta ilikuwa ikivicheza kwa mwendo mdogo, na sauti ikishuka.

"Baba yako aliweka ngapi?" aliniuliza.

Nilijua. Nilikumbuka ugomvi wa papa na wale wapiga video za harusi, waliomlalamikia kwamba nyimbo zake haziendi sawa na picha zao, mpaka akabadilisha kinasa sauti kikae na namba ya video. Elfu arobaini na nane. Sefu akaandika. Nikagonga diapazoni tena, nikaisimamisha juu ya mbao za meza ili ilie kwa nguvu. Safari hii milio haikugombana. Ilikuwa mlio mmoja, sikujua wa chuma changu unaishia wapi na wa papa unaanzia wapi.

Kisha papa akasema, mimi Isaïe. Alikuwa yeye. Alikuwa amechoka, lakini alikuwa yeye, na ile haraka yake ndogo mwishoni mwa maneno. Sefu aligeukia ukutani, akaanza kupanga waya ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Nilimuuliza habari ya njia ya pili. Alishangaa kwamba naijua. Akasema aliitupa. Spika zetu ndogo zina mdomo mmoja, na yeye kwa mazoea hubakiza njia ya kushoto tu, na katika ya kulia alikuwa amesikia kiti kikilia na mtu akipita. Lakini faili la asili alikuwa nalo bado. Nikamwambia ailete. Nikavaa kile cha sikio la kulia peke yake, kitu ambacho sikuwa nimewahi kufanya katika miaka yote ya kwaya.

Mikrofoni ya mezani ilikuwa upande wa mama. Nilimsikia papa kwa mbali akimaliza neno lake, kama nilivyolijua. Alidhani amemaliza. Akaibandua ile ya kola akaitia chini ya blanketi, na ndio ule mkwaruzo wa nguo. Halafu mama, karibu kabisa, akauliza: na Augustin akisema ni kwa ajili ya koko, yaani bibi yetu wa Butembo, ambaye amebaki peke yake katika nyumba ile? Nilisikia kitanda kikilia.

"Augustin hana ubaya," alisema. "Mumuulize Plamedie mwenyewe. Akitaka kwenda, musimufunge."

Halafu betri zikaisha.

Nilirudia kusikiliza, nikitafuta kosa. Nilitamani sauti hiyo iwe ya mtu mwingine. Kwa muda wote huo nilikuwa nimepigania neno la papa, na sasa lilikuwa na nusu ya pili isiyokuwa upande wangu. Na mama alikuwa chumbani. Mama aliyeinamisha kichwa.

Sefu alikuwa amesikia pia, kwa kuwa alikuwa amewasha spika zake bila mimi kujua. Aliuliza kwa upole, akitazama kibodi: "Nikupe njia moja, ao mbili?"

Ilikuwa rahisi. Njia ya kushoto, kwa namba sahihi, na sauti halisi ya papa ikisema abaki. Hakuna ambaye angeweza kunishtaki. Ningekuwa nimeleta ukweli, ila si wote. Nilifumba macho nikaomba, na sikusikia jibu lolote, nilimwona tu papa akimpa mtu mnyororo ambao hakuuomba.

"Ziunganishe zote mbili," nilisema. "Zitoke katika mdomo mmoja."

Nilifika nyumbani nikamkuta mama anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia nimesikia njia ya kulia. Mikono yake haikusimama. Alisema siku ya kikao alingoja neno lile litoke kwenye spika, na halikutoka. Akafikiri kama mashine imelinyamazia, basi na yeye anaweza kunyamaza.

"Nimeshazika mume," alisema. "Nilitaka nibakize watoto."

Na mimi nilikuwa nimetaka hivyo hivyo.

Tuliketi tena siku iliyofuata, watu wale wale. Kabla ya kubonyeza niliigonga diapazoni mbele yao, ili wasikie wenyewe kwamba mlio wa spika ni ule ule. Papa alipoanza kusema, tonton Augustin alikaa kwenye mkono wa kiti. Hakungoja mwisho. Alitoa simu akaomba spika irudishwe mwanzo kidogo, akainasa sauti hiyo akaituma Butembo. Ndipo akatueleza. Ile ya kwanza alikuwa amemtumia koko, na koko alikuwa amelia akisema huyu siye mwanangu, mumenizikia mwingine. Tangu hapo yeye pia hakuweza kuiamini.

"Kwa nini hukutuambia?" nilimuuliza.

"Mulikuwa munaniangalia kama mwizi," alisema. "Mwizi anaeleza nini?"

Tukaendelea mpaka mwisho. Swali la mama lilipotoka, tonton Katembo alimgeukia dada yake. Jibu la papa lilipotoka, wote tulimwangalia Plamedie, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba uanze kwamba mtu alimwangalia kwa ajili yake mwenyewe. Mama ndiye aliyeuliza. Alisema, mwanangu, umesikia papa wako. Unataka nini?

Plamedie alivuta ukosi wa nguo yake mdomoni, kama anavyofanya darasani. Akasema anataka kumaliza mwaka wa shule hapa, na rafiki zake. Baada ya hapo atakwenda kwa koko. Si kwa tonton, kwa koko. Koko amepoteza mtoto wa kwanza na hajaona hata kaburi.

Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kusema hivyo. Swali lilitoka kabla sijalizuia. Plamedie alinitazama.

"Yaya Olga, hakuna mutu aliniuliza. Donc nani angenifundisha?"

Simu ya tonton ililia. Alikuwa koko. Hakusema mengi, tulisikia tu pumzi yake, na jina la papa, lile la utotoni ambalo sisi hatukulijua. Matanga tulifunga jioni hiyo, kwa sala.

Mama aliweka masharti yake, na tonton aliyakubali yote: Plamedie atalala katika nyumba ya koko, hatasimama dukani siku za masomo, na habari ya mchumba haitatajwa mpaka apate diploma. Nilimsikia akiyakubali. Papa alisema ndugu yake hana ubaya, na papa hakuwa mtu wa kusema uongo akiwa karibu na Mungu. Nalishika neno hilo. Hata hivyo, tulipomsindikiza tonton uwanja wa ndege wa Bangboka, nilimuuliza jina la shule atakayomwandikisha mdogo wangu, na mtaa ilipo, na nani anaiongoza. Alijibu. Tukazungumza mambo ya mvua, ya barabara, ya wagonjwa wa kule. Walipoanza kuita abiria, nilimshika mkono, nikamuuliza tena jina la shule, na akanitajia lile lile.